Sabuni Kwenye Silinda ya Tatu

Hasira za Fundi zilikuwa zinajulikana mtaani kuliko hata kazi yake, na kazi yake haikuwa ya kubahatisha. Ukimletea gari ukaanza kumweleza linaumwa nini kabla hajafungua boneti, anakukabidhi spana. "Haya, tengeneza mwenyewe." Wateja walirudi hata hivyo, maana gari likitoka mikononi mwa mwanamke yule halikurudi na ugonjwa uleule.

Wiki ile alikuwa amefura kupita kiasi. Mdogo wake wa kiume, ambaye ukoo mzima ulimwita Bosi ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiajiri hata paka, alimpigia simu na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa, kwamba Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulichukua gari la baba.

"Linaziba uwanja tu, Dada. Miaka yote hiyo limekaa. Limekufa lile."

"Nani kalipima mapigo ya moyo? Wewe?"

Akakata simu, akatupa spana kwenye sanduku, akaenda moja kwa moja kwa mama yao, ambako Bosi bado alikuwa akiishi. Walibishana sebuleni mpaka Mama, ambaye alikuwa akipanga nguo zilizokauka, akapiga kofi rundo la mashuka na kutoa hukumu. Likiwaka kabla ya lori kufika, linabaki. Lisipowaka, lichukuliwe, amechoka na maneno. Bosi akacheka. Fundi akaenda kuvaa ovaroli.

Gari lenyewe lilikuwa chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba, la zamani, lile la kupanda milima, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Baba yao alikuwa dereva wa wapima ardhi. Ofisi ilipolitoa kazini, alilichukua yeye, na jioni zake zote zikaishia chini ya gari hilo. Aliyemshikia taa alikuwa Fundi. Aliyejua kwa sauti tu kwamba vavu zinahitaji kukazwa, angali na sare ya shule, alikuwa Fundi. Bosi alikuwa akichungulia kwa mbali akiogopa kuchafua viatu. Kisha mzee alipougua, akawaita wote kitandani na kusema gari ni la kijana wake wa kiume, kwani binti ataolewa, aende nalo wapi? Binti mwenyewe wakati huo alikuwa na gereji yake na hakuwa akimsubiri mtu. Alitoka chumbani bila kuaga. Tangu mazishi hakulitia mkono gari lile, na alipokuja kumjulia hali mama yake alipita kando ya banda shingo imemkakamaa.

Sasa alifungua boneti na kupigwa na butwaa. Alitegemea vumbi, viota vya panya, utando wa buibui. Alikuta injini inang'aa kama sufuria la bi harusi. Akafungua plagi moja baada ya nyingine. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka kavu. Ya tatu ilitoka imejaa kutu. Akaweka spana kubwa kwenye puli ya mbele ili aizungushe injini kwa mkono, akavuta kwa uzito wake wote. Injini haikutikisika. Akachukua bomba la sindano, akanyonya kilichokuwemo ndani ya silinda ile ya tatu, akamimina kwenye kopo. Maji ya kahawia, na juu yake povu. Akanusa. Sabuni ya kufulia.

"Bosi!" Sauti yake ilifika barabarani. "Njoo hapa! Nani kafua injini?"

Bosi akaja na kikombe chake cha chai. "Mimi? Mimi hata boneti sijui linafunguliwa wapi."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililozidi kumkera.

"Mpuuzi wewe! Mtu kamwaga maji kwenye kabureta, vavu ya silinda hii ilikuwa wazi, yakaingia yote, pistoni imeshikwa na kutu! Umeachiwa gari, umeshindwa hata kulilinda na maji?"

"Acha kumfokea," akasema Mama kutoka mlango wa jikoni. "Ni mimi."

"Wewe nini, Mama?"

"Naliosha. Kila mwisho wa mwezi. Nafungua kile kisufuria cha juu, nasugua, namwagia maji mpaka kunatakata. Si ndivyo alivyokuwa akifanya baba yenu?"

Ndivyo, isipokuwa kitu kimoja. Mzee alikuwa na kichaa chake cha kuosha injini kila mwisho wa mwezi, madereva wenzake wakimcheka, lakini kabla ya kugusa maji alikuwa akiziba kwa kitambaa mdomo wa kabureta, ule unaobaki wazi kisufuria kikitolewa. Mama alikuwa akimtazama kutoka dirishani. Beseni aliliona, sabuni aliiona. Kitambaa hakukiona.

"Baba alikuwa anaziba!" Fundi alipiga ngumi bodi. "Anaziba kwanza! Umeliosha mpaka umeliua!"

"Na wewe fundi ulikuwa wapi?" Mama alishuka ngazi, na sauti yake sasa ilikuwa kali kuliko ya binti yake. "Watu wanakuletea magari kutoka huko mbali, la baba yako unalipita kama choo cha jirani. Umemnunia marehemu. Marehemu hana habari! Anayeona ni mimi. Nilishika sabuni kwa sababu spana sikufundishwa, na aliyefundishwa alikuwa amesusa."

Fundi alirudisha kichwa chini ya boneti akiwa na hasira na Mama, na Bosi, na mzee aliyefundisha mtoto mmoja akamrithisha mwingine, na zaidi kabisa na yeye mwenyewe, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchoma.

Alichanganya dizeli na oili, akamimina kwenye silinda, akaacha pistoni ilowe. Kila akifunga gereji alikuja kuvuta spana ile, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimisha. Mama alimwekea chakula mezani na kuondoka. Ijumaa puli ilisogea upana wa kidole, na Fundi akatukana kwa furaha.

Jumamosi alikuwa ameshasafisha kabureta, amefunga betri kutoka gereji kwake na kuunganisha mpira kwenye dumu la petroli safi, maana ya kwenye tangi ilikuwa imeoza. Hapo ndipo lori la vyuma chakavu lilipopiga honi na kuegesha kukingama geti.

"Muda umekwisha, Dada," akasema Bosi, mikono mfukoni.

Fundi akapanda kwenye kiti cha dereva. Akageuza ufunguo. Stata ikalia, injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Akageuza tena. Moshi mweupe ukajaa banda zima, gari likatetemeka kwa silinda tatu tu, likasitasita, kisha ile iliyokuwa na kutu ikaingia, na mngurumo ukatulia. Macho yalimjaa machozi, akasingizia moshi.

Bosi alikuwa akiruka. "Dada, wewe kiboko! Hiki si chuma chakavu tena hiki! Nina jamaa yangu, likiwa linatembea hivi analichukua kesho!"

Kwa mara ya kwanza maishani Fundi hakufoka. Akavuta mlango, akaufunga kwa ndani, akaingiza gia.

Bosi akang'ang'ania dirisha. "Mama, mwambie ashuke! Baba alisema hili la nani? Mwambie!"

Katika nyumba ile, swali hilo ndilo lililokuwa likimaliza kila mjadala, na jibu la Mama, kwamba ni la Bosi, halikuwahi kubadilika. Fundi alishika usukani kwa nguvu, akalisubiri.

Mama alipita mbele ya gari bila kumtazama yeyote. Akaenda mpaka getini, akafungua milango yote miwili, akapiga bodi ya lori kwa kiganja mpaka dereva akachungulia.

"Sogeza lori lako," akamwambia. "Mwanangu anataka kupita."