Upande wa Pili wa Wavu

Farasi ana tumbo dogo kuliko mwili wake unavyoonyesha, na tumbo hilo hutoa asidi mchana na usiku, awe amekula au hajala. Akiwa malishoni haimdhuru, kwa kuwa huchunga karibu kutwa nzima, kidogo kidogo. Ukimfungia bandani na kumwekea mzigo wa hei chini, atayamaliza majani hayo makavu upesi, kisha atasimama na tumbo tupu mpaka utakaporudi. Hapo ndipo vidonda na msokoto wa tumbo huanzia. Ndiyo maana hei huwekwa ndani ya wavu wenye matundu madogo. Mdomo hupata vijiti vichache tu kila unapovuta, na mlo mmoja huchukua alasiri nzima.

Hayo niliyasoma katika vitabu vya mitumba, baada ya kuajiriwa na familia moja inayoishi juu ya Tengeru. Niliitwa kama seremala wa kujenga banda. Banda lilipokwisha nikabaki kulitunza pamoja na waliomo, na mpaka leo Mzee ananiita fundi. Yeye ni Mhindi Mwislamu, wa ukoo wenye duka la vipuri mjini tangu enzi za babu yake. Farasi hawakuwa wake. Walikuwa wa mkewe, ambaye sote tulimwita Mama. Aliwachukua kutoka shamba la kahawa lililokuwa linafungwa: dume mweusi aliyehasiwa, na jike wa rangi ya hudhurungi. Mzee hakuwapenda wala kuwachukia. Aliwatazama kama mtu anavyotazama mapazia yaliyochaguliwa na mke wake.

Mwanzo nilisuka nyavu mbili za kamba ya nailoni, kila farasi na wake. Dume alikuwa mlafi. Akimaliza chake alipiga ukuta kwa kwato akitaka cha mwenzake, na jike akaacha kula kwa hofu. Mama alitazama siku kadhaa, kisha akasema, "Kwetu tulikula sinia moja. Mlafi akila na wenzake hupata haya."

Akaniagiza nikate dirisha kwenye ukuta wa mbao kati ya vyumba vyao, nitundike wavu mmoja mkubwa hapo katikati. Nilidhani ni mzaha, lakini nikakata. Dume alipovuta, wavu ulimkimbia jike. Jike alipovuta, ulirudi. Sijui kama dume alipata haya. Najua kwamba alijifunza kusubiri zamu, na jike akajifunza kwamba zamu yake ipo.

Mama alifariki masika yakiwa yanakatika. Mwaka uliofuata, wakati wa baridi, dume naye alikufa kwa uzee. Tulimzika nyuma ya migomba.

Jike akaacha kula. Siku ya kwanza nilimwachia huzuni yake. Siku ya pili mavi yake yalikuwa machache na makavu, nikaogopa. Nikalowesha hei. Nikaimwaga chini bila wavu. Nikahamishia wavu ukuta wa nje, asilione dirisha, kisha nikaurudisha. Nikachanganya pumba na molasi. Akalamba molasi, akaacha pumba. Muda mwingi alisimama mbele ya dirisha, akiutazama wavu ukining'inia kimya.

Daktari wa mifugo akamkagua. "Meno mazima, homa hana," alisema. "Ila tumbo likiendelea kukaa tupu litajisokota, na kwa umri huu hatavuka." Akatuambia kuna familia Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa mlima, inayofuga farasi kadhaa na ingempokea akaishi na wenzake. "Lakini kwa hali hii hapandi lori. Kwanza ale."

Mzee alinigeukia. "Yaani tumnenepeshe ili aondoke?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mama angenicheka."

Alasiri hiyo alishuka bandani, jambo ambalo hakulizoea. Aliingia chumba cha dume kwa sababu kilikuwa kitupu. Magoti yanamsumbua, hivyo akaushika wavu ajiegemeze. Wavu ukasogea. Upande wa pili jike aliinua masikio, akaja, akauma vijiti vilivyochomoza, akavuta. Mzee akavuta kwake asije akaanguka. Jike akavuta tena, na majani yakabaki mdomoni. Akatafuna.

"Usiachie, Mzee," nikasema.

"Nitaachiaje? Ananivuta."

"Vuta naye. Polepole. Dume hakuvuta kwa hasira."

"Si mlisema alikuwa mlafi?"

"Alikuwa mlafi mwenye subira."

Kuanzia hapo mimi nilishika wavu asubuhi, naye akaja kila alasiri na kiti cha plastiki. Jirani yetu, mama wa Kimeru anayechukua samadi kwa ajili ya migomba na kahawa yake, alimkuta hapo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, jirani."

"Sasa hapo nani anashinda?"

"Yeye. Ana meno yote."

"Ng'ombe wangu, mpaka wewe umalize kuvuta, angekuwa ameshakula na kiti."

Mzee alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Kisha akaendelea kuvuta.

Mavi yakawa laini. Mbavu zikaanza kufunikwa. Kila alasiri Mzee aliniuliza, "Bado, siyo?" nami nilimjibu kwa nilichokiona: bado. Jirani alimshauri ambakize tu, kwani ameshapona. "Nikifa mimi, nani atashika huku?" Mzee akamjibu. Hata hivyo aliendelea kuniuliza, mpaka siku moja sikuweza kusema bado.

Lori lilikuja asubuhi. Mzee alikuwa ameuosha wavu na kuukunja, akataka aende nao. Familia ile haikutuma mfanyakazi. Aliyekuja ni mwenye farasi mwenyewe, mtu mpole.

"Kule wanachunga uwanjani, Mzee, wako wengi," alisema. "Hatauhitaji."

"Vizuri," Mzee akasema, akaurudisha kwapani.

Jike alipanda bila shida. Nadhani aliwanusa wenzake kwenye mbao za lori.

Alasiri nilikuwa nafagia chumba chake niliposikia kiti kikiburutwa upande wa pili. Mzee alikuwa ameutundika wavu mahali pake, mtupu, na ameushika. Ulisogea kidogo kuelekea kwake, ukasimama. Niliegemeza ufagio ukutani, nikashika upande wa jike, nikavuta.

"Polepole, fundi," akasema.