Mkono Juu ya Gia

Shemeji yangu alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa chuma chakavu. "Ni wiki hii, shemeji. Trekta hilo limekufa pamoja na mwenyewe." Mwenyewe alikuwa mume wangu. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Lakini kweli lilinitesa. Kila nikiweka gia ya tatu na plau iko ardhini, hatua chache tu, tap! gia inatoka, injini inanguruma bure. Fundi wa kwanza alisema gia boksi imekwisha. Mawingu yalishaanza kukaa milimani, na mbuga ya Namawala ikishiba maji haiingiliki. Nisipolima wiki ile, sina mpunga, wala sina la kumjibu shemeji.

Ndipo akaja fundi mwingine kutoka Ifakara mjini, umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, kisha akauliza, "Inatoka ukikanyaga mafuta au ukiachia, mama?"

Loo! Misimu miwili nalitukana trekta, hilo sijawahi kuliangalia.

"Basi lima, nione." Akakaa juu ya madigadi ya tairi la nyuma. Gia ikatoka. "Tena." Ikatoka. "Tena." Nikawaka: "Fundi, umekuja kutengeneza au kutembezwa?" Akacheka, spana hakushika. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, nikamwona hana adabu.

Alipofungua kifuniko cha gia boksi, alibonyeza springi kwa kidole gumba: nzima. Meno ya gia: mazima. Kisha akatoa uma, kile chuma cha vidole viwili kinachosukuma gia mahali pake. Kidole kimoja kilikuwa kimelika, kimebaki chembamba kama ukucha.

"Kuna kitu kimekuwa kikiukandamiza uma huu muda wote. Nani alikufundisha kuendesha, mama?"

"Marehemu."

"Naye alikuwa akilaza mkono juu ya fimbo ya gia, kama wewe?"

Ndivyo alivyoendesha siku zote, nami nilimwiga kila kitu. Fundi hakusema neno baya juu yake, na kwa hilo peke yake nilimpenda. Akaenda kuujaza ule uma kwa kuchomelea, akarudi akakaa chini na tupa. Anaupaka masizi, anaujaribisha, anatazama yalipofutika, anapiga tupa tena. Sijui mara ngapi. Jamani, yule kijana ana mikono! Ningeweza kumtazama siku nzima, na kweli nilimtazama siku nzima.

Asubuhi yake shemeji alisimama kwenye jaruba na mnunuzi wake. Gia ya tatu, plau chini.

"Ondoa mkono, mama."

Niliuondoa, ukarudi wenyewe.

"Mama, mkono!"

Nikaukalia kabisa, nikashika usukani kwa mmoja. Gia ikakaa mpaka mwisho wa shamba, na nilipotazama nyuma, shemeji alikuwa ameshaondoka. Nilitakiwa kushangilia. Nikalia, maana ule mkono ndio ulikuwa kitu cha mwisho nilichofanya kama yeye. Kisha nikageuza trekta, nikiwa bado nimeukalia, nikaanza mstari wa pili.