Mzee wa Foleni ya Ngwenya

Wifi yangu Gcinaphi, ambaye sisi akina Hlophe tunamwita LaTsabedze kwa ukoo wa babake, hakuwahi kuiacha simu ilie bure. Alianza wizarani akipiga chapa, akapelekwa ubalozini, akapanda mpaka akawa balozi, na kote huko alikuwa akisema vita huanza pale simu isipopokelewa. Alipatanisha watu waliokuwa hawatazamani usoni. Mimi aliniita redio, eti nasema bila kuulizwa. Sawa. Lakini redio haijampoteza mume wa mtu.

Kaka yangu Majahonkhe alimfuata kila alikotumwa, na Brussels ndiko alikofia, baridi imemwingia mapafuni. Mwili ulitangulia kuja. Roho ilibidi iletwe na mkewe kwa tawi la mkunazi wa porini, kama tunavyowaleta wote wanaofia ugenini. Ndani ya ndege tawi lilikatiwa tiketi ya kiti chake. Anayelibeba hasemi na yeyote ila marehemu: hapa tunapanda ngazi, hapa tunapinda, twende baba. Akimjibu mtu mwingine, marehemu hubaki papo hapo.

Nilikwenda kumpokea Johannesburg ili niwe mdomo wake. Askari, wachukuzi, wauza maua, wote niliwajibu mimi. Garini alilipakata lile tawi, nami nikaona gauni lake limedidimia mapajani kana kwamba amepakata mtoto mkubwa. Nywele zilinisimama, lakini nilifurahi. Kaka alikuwa nasi.

Mpakani Ngwenya, mlango wa kuingilia nchini kwetu, tukiwa kwenye foleni ya mhuri, simu yake ikalia. Nikamkazia macho. Akaipokea.

"Ndiyo, mkuu," alisema. "Nimekubali. Ni heshima kubwa."

Alikuwa ameteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tuliporudi garini gauni halikudidimia tena, na tawi lilikuwa likichezacheza kwa upepo wa dirishani.

"LaTsabedze, umemwacha!"

"Punguza sauti, Lomagugu. Ni maneno mawili tu."

"Mawili au mia, turudi tukamchukue!"

"Nitaapishwa kesho. Tukirudi leo, nitawaambia nini watu wa ikulu?"

Basi tukamzika na tawi tupu. Nilisema kwamba kaka kabaki Ngwenya, tena kwa sauti, mbele ya wazee. Wakaniambia uchungu umenizidi.

Mwaka haukuisha. Siku moja Tengetile, karani wa mhuri pale mpakani, aliyesoma nami, alikuja nyumbani akakaa bila kuvua kitambaa.

"Dada, foleni yetu ina mzee. Jua lote lile, yeye kavaa koti la sufu. Akifika dirishani namwomba pasi, hana. Nikiinamisha kichwa kidogo tu, namwona yuko nyuma kabisa, anaanza upya."

"Umemuuliza anataka nini?"

"Anasema, 'Namsubiri mke wangu. Anaongea na simu.'"

Nilikwenda wizarani vile vile, na kanga ya jikoni. LaTsabedze alikuwa akijiandaa kufungua mkutano wa mawaziri wa nchi jirani. Nilimweleza. Alikaa kitini polepole.

"Koti la rangi gani?"

"Kijivu. Tulilomzika nalo."

Alilia, na mimi niliyekuja kumgombeza nikalia naye. Kisha akachukua funguo za gari lake mwenyewe.

"Mheshimiwa, wageni wameshakaa!" Katibu wake alituzuia mlangoni.

"Waambie nimekwenda kumchukua mume wangu."

Yule katibu alikuwepo mazishini. Alitupisha.

Tulikata tawi njiani. Mpakani tulivuka, tukageuza, naye akasimama nyuma kabisa ya foleni ya kuingia, na simu ikaanza kulia mkobani. Ikanyamaza, ikalia tena. Nilichungulia, nikaijua namba: ni ile ile iliyompa uwaziri. Mkono wake ulisogea kuelekea mkobani. Ukarudi kwenye tawi.

"Mama, pita mbele," watu walimwambia. Hakujibu.

"Tazama kiburi! Hata salamu?"

"Mwacheni, kafiwa," nilisema.

Aliliinamia tawi. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya mikutanoni.

"Majahonkhe, nimemaliza kuongea. Samahani nimekuchelewesha. Twende nyumbani sasa."

Mikono yake ikashuka ghafla kwa uzito, miiba ikamchoma, damu ikatoka. Hakuguna. Dirishani Tengetile aligonga mhuri pasi yangu, akagonga ya LaTsabedze, halafu akatazama kando yetu, akagonga meza tupu. Simu bado ilikuwa inalia.

Jioni, redio ya kweli ilitangaza waziri mpya wa Mambo ya Nje. Nilikwenda kumwambia LaTsabedze. Nikamkuta amepiga magoti kaburini, analaza lile tawi, anamwonyesha Majahonkhe kichwa kinakaa wapi na miguu wapi. Nikasimama pale, kimya, mpaka alipomaliza.