Juisi ya Komamanga Katika Kibuyu cha Maziwa

Komamanga halitaki haraka, na mimi ni mtu wa haraka, kwa hiyo tumekwaruzana miaka mingi. Ukilikata ovyo linakurushia rangi kwenye leso, na doa lake halitoki hata ukisugua mpaka ngozi ya vidole ichubuke. Siku hizi ninalipasua ndani ya karai la maji. Punje zinazama, ngozi nyeupe zinaelea, nami naziokota. Kisha punje naziponda kwa mwiko. Blenda husaga na mbegu, juisi ikawa chungu. Nikishachuja, nusu tunakunywa, nusu naichemsha polepole na kitunguu mpaka inakuwa nzito kama asali, na hiyo ndiyo ya kuku. Nilijifunza haya katika jiko la nyumba ya wageni ya shamba moja la chai, nilikopika miaka tisa. Watu wa kwetu ziwani, ambao kila kitu kwao ni limau, wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Huku Boito, kwa wakwe zangu Wakipsigis, kuna baridi na makomamanga hayastawi. Nanunua kwa mama mmoja anayeyaleta sokoni kutoka upande wa Fort Ternan, kwenye joto.

Mwaka tuliohama kutoka kwa nyumba za wafanyakazi na kuja kukaa kwa kina mume wangu, mama mkwe wangu alikuwa ndio kwanza ametoka hospitali. Nimonia ilikuwa imemwacha macho na mifupa, na damu ilikuwa chini. Nesi wa dispensari alimwambia mbele yetu, akimwita bibi kwa lugha yao, "Kogo, hii dawa ya damu usimeze na chai. Hata wakati wa chakula, chai ikae mbali. Kunywa maji ya tunda yenye uchachu. Lakini tunda si dawa, dawa lazima umeze." Kisha akatugeukia sisi. "Asipokula, wiki ijayo anarudi wodi."

Mwambie mama aliyechuma chai tangu usichana wake kwamba chai ikae mbali! Lakini lililomkata maini lilikuwa lile la wodi. Tulipofika nyumbani alimwambia mwanawe, "Huko sirudi. Na hapa pia sitakaa sana." Kesho yake akampa jirani shali yake nzuri ya kanisani. Kesho kutwa akamwonyesha mume wangu mahali atakapolala, kando ya kaburi la baba yao. Akaacha kula. Ugali ulikuwa unaingia chumbani kwake moto na kutoka baridi, haujaguswa. Nilipompelekea juisi ya komamanga kwenye glasi aliiangalia tu.

"Hii si ya kunywa. Hii ni wino ya kalamu."

Nikanuna. Sitaficha, hasira zangu ziko karibu, na kupika ndicho kitu pekee ninachojivunia. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mama, na alikuwa ananiponyoka mbele ya macho yangu.

Ndipo nikapata wazo. Katika jiko lake la zamani kulikuwa na vibuyu vinne vya maziwa, ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvishika ila yeye. Mursik, yale maziwa yao ya mgando, nilikuwa nimeinywa mara nyingi, lakini kwenye kikombe tu, imeshamiminwa. Nikasema moyoni, juisi ikitoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, hawezi kuikataa. Nikashusha kimoja kilichokuwa kitupu, nikachungulia ndani. Kilikuwa cheusi tititi. Maskini mama, nikawaza, ugonjwa umemfanya akae na vyombo vichafu hivi. Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikafunga waya wa kusugulia sufuria kwenye fimbo, nikasugua. Maji yalitoka meusi mara tano. Ya sita yalitoka safi, na mimi nikaimba. Nikamimina juisi ndani, nikainjika kuku wangu kwa ile juisi nzito, nikampelekea mama kibuyu kwa mikono miwili.

Alifungua kifuniko akanusa. Akanusa tena.

"Umeosha na nini?"

"Na sabuni, mama."

Wanaojua mursik wameshaanza kunicheka. Ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa mkaa wa mti wa senetwet, uliosuguliwa ndani ya kibuyu tabaka juu ya tabaka, na ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyafanya yakae. Nilikuwa nimemwaga uani kazi ya miaka mingi.

Mama mkwe, ambaye tangu atoke hospitali tulikuwa tunamwinua kitandani watu wawili, alitupa blanketi akasimama. Alinifuata uani na soksi miguuni, fimbo mkononi, akisema kwa Kipsigis mambo ambayo nashukuru sikuyaelewa yote. Nilirudi kinyumenyume hadi jikoni, kibuyu nimekikumbatia. Hapo pumzi zikamwishia, akakaa kwenye kigoda kando ya moto.

"Mwaga hiyo juisi. Leta kijiti ya senetwet," alisema aliposhusha pumzi. "Choma. Sasa ingiza ndani. Sugua. Ai, si kwa nguvu, hiyo si sufuria! Zungusha." Akaweka mkono wake juu ya wangu, tukazungusha pamoja. Mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, lakini ulijua unakokwenda. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye akigomba, mimi nikitii, jambo ambalo mume wangu angelipa kiingilio kuliona.

"Nini inanukia hivyo?" akauliza mwishowe.

"Kuku, mama. Na yale maji mekundu."

Hakungoja sahani. Alichukua paja kwa vidole vyeusi vya mkaa, akauma. Mimi sikuthubutu kuangalia, niliendelea kuzungusha kijiti.

"Iko na uchachu," akasema. "Kama mursik." Akala paja lote, akasukuma sufuria kwangu kwa fimbo ili nimpakulie tena. Dawa yake ya damu aliimeza kwa juisi kidogo niliyokuwa nimebakisha kwenye jagi, na safari hii wino haukutajwa.

Halafu akachukua kibuyu, akakielekeza mlangoni kwenye mwanga, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Bado. Mkono yako ni nzito. Hii kazi utaijua baada ya miaka mbili."

"Miaka miwili, mama?"

Alinitazama, akatazama tena ndani ya kibuyu.

"Labda tatu," akasema. "Nitakuwa nakusimamia."

Nikalia palepale, kijiti mkononi, nikasingizia moshi.