Mawe ya Kisimani

Nyumbani kwetu Mlingotini hakuna aliyesema betri. Tulisema mawe. Mawe ya redio, mawe ya tochi. Redio ikianza kukoroma, bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akisema, "Mawe yamechoka hayo, yaanikeni." Tukayaanika juani, yakapata nguvu ya taarifa ya habari moja, na wapo waliokuwa wakiyang'ata kwa meno ili yatoe kilichobaki. Yakishakufa kabisa, bibi aliyachukua, akayapimapima kwenye kiganja, akasema, "Haya, sasa yamekuwa mawe kweli." Na bibi hakuwa mtu wa kutupa mawe wakati kisimani kwake pana tope.

Kisima kilikuwa chake hasa. Alikichimbisha kwa bangili zake za dhahabu, zile alizovishwa siku ya harusi, akakitoa sadaka: yeyote achote, wa kwetu na mpita njia, asiulizwe. Visima vya jirani vilikuwa vya maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, maharage hayaivi, chai hainyweki. Chetu kilitoa maji matamu, ingawa bahari iko karibu, mikoko hiyo hapo unaiona. Akifa mtu mtaani, hata maji ya kumwoshea yalitoka kwetu.

Ndoo zilivyozidi ndivyo tope lilivyozidi, na wanawake wakawa wanateleza na maji kichwani. Bibi akalijaza tope lile kwa mawe. Alianza na ya redio yake, kisha mtaa mzima ukajua: mawe yakifa, mpelekee bibi kisimani. Wavuvi walimletea ya tochi zao kwa mafungu. Aliyashindilia ardhini kwa mchi mkuukuu, akayafunika kwa kila kilichotoka jikoni: maganda ya mananasi, ndimu zilizokamuliwa za achari, machicha ya nazi. Pembeni akapanda migomba. Pakakauka, pakawa pazuri hata pa kukaa na kusukana nywele.

Alipofariki, mama yangu ndiye aliyebaki na kisima. Kwetu tunaamini sadaka ya namna ile haifi na mwenyewe: kila anayekunywa, thawabu humfikia aliyetoa, huko huko aliko. Mama hakuliamini hilo kwa mdomo tu. Akiwa jikoni, akisikia ndoo inagonga ukingo wa kisima, alikuwa anasema, "Kapata huyo!" Anakata kitunguu, "Kapata huyo!" Hata akiwa katikati ya kunigombeza hakuacha. "We mtoto we, sufuria unaiosha nje tu, ndani unamwachia nani? Kapata huyo! Nasema na wewe, usinigeuzie mgongo."

Mimi nilikwenda kusoma, nikaishia kuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja Dar es Salaam. Tusidanganyane, kazi yenyewe ni kuosha chupa na kugombana na mashine. Miaka michache iliyopita, mimi na mwenzangu mmoja wa pale, dada mwenye mdomo wa utani, tulishikwa na jambo la maganda ya mananasi. Msimu ukifika, mananasi ya Kiwangwa yanashuka Bagamoyo kwa malori, wauza juisi wanamenya, maganda yanarundikana mpaka mbuzi wanayasusa. Ukiyaloweka na sukari guru kidogo ukayaacha yachachuke, yanatoa siki kali. Siki ile ikipashwa moto inauyeyusha unga mweusi wa ndani ya betri iliyokufa, na madini yake, zinki na manganizi, yanaingia kwenye maji. Unachuja, unatia magadi, madini yanashuka chini yakiwa unga mweupe. Kitu kilichokuwa cha kutupwa kinatoa kitu cha thamani kutoka kwenye kingine cha kutupwa. Tulikuwa tunajisikia sana siku hizo.

Chuoni hatukupewa nafasi ya mapipa yanayonuka, nikayapeleka kwa mama. Yalipoanza kutoa povu, mama akatoka amejifunga kibwebwe.

"Pombe! Umekuja kupika pombe nyumbani kwangu, penye kisima cha sadaka!"

"Si pombe, mama. Ni siki."

"Siki naijua mimi, nimetia achari wewe hujazaliwa. Siki gani inayochemka bila moto?"

Jirani akaitwa aje anuse. Akanusa pipa hili na lile, akakohoa, akasema kwa anavyoona yeye haijafika kuwa haramu, lakini haiko mbali. Mama akaturuhusu shingo upande. Unga wa kwanza ulipotoka, mwenzangu alipiga kigelegele uani, mama akaja kuchungulia kwenye kitambaa cha kuchujia.

"Hee! Mmehangaika kote huko mkatoa unga wa muhogo?"

Lakini alifurahi. Jioni nilimsikia akiwahadithia watu kisimani kwamba binti yake anatoa chuma kwenye mawe ya redio kwa maganda ya nanasi.

Sasa, ukifanya kazi kama ile, lazima upime pia maji uliyolowekea, kabla hayajagusa ganda wala betri, ili ujue kipi kimetoka kwenye betri na kipi kilikuwemo. Nilijaza chupa kisimani kwa madaha, maana maji gani safi kama ya bibi? Laiti ningelowekea maji ya bomba. Mashine ilionyesha madini kwenye chupa ile. Mwenzangu akanicheka, "Umechanganya chupa, shoga. Mapenzi hayo." Nikarudi nyumbani kuchota mengine, nikaiosha chupa mpaka vidole vikakunjamana. Yakaja yale yale. Akaacha kucheka. Maji ambayo hayajakaribia mapipa yetu yalikuwa na zinki, na yalikuwa na manganizi nyingi kuliko inavyofaa mtoto mdogo kunywa kila siku. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikawafikiria watoto wote wa mtaa wetu, na mimi nikiwemo.

Tulifukua pembeni mwa kisima, mama amesimama mlangoni anatutazama. Mawe ya bibi yalikuwa yamebaki makapi. Vikopo vya zinki vya nje vimeliwa, mengi yamebaki vijiti vyeusi tu katikati ya udongo laini uliotokana na takataka za jikoni. Mwenzangu akachutama, akaufinyanga udongo ule kidogo kwa vidole, akasema, "Bibi yako katutangulia huyu. Maganda, ndimu, mawe, maji. Sisi hatukugundua kitu."

Nilimfokea. Nilimwambia afunge mdomo wake, yuko nyumbani kwa watu. Nilimfokea kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu. Tulichokifanya sisi pipani, bibi alikuwa akikifanya ardhini miaka yote, kwa mikono yake, ili wenzake wasiteleze. Ila sisi tulikuwa na kitambaa cha kuchujia, na yeye chini yake palikuwa na kisima.

Makapi yale tuliyaokota yote tukayatia kwenye siki, nilitaka angalau hayo yaondoke. Unga uliotoka haukujaza kikombe cha kahawa. Nilimpelekea mama jikoni.

"Ndio huu?"

"Ndio huo."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Mawe yale yalikuwa magunia. Nimeyabeba mimi mwenyewe kwa kapu. Mengine yako wapi?"

Akautazama mtungi wa maji pale kwenye kona, akakirudisha kikombe mkononi mwangu.

"Tumekunywa," akasema.

Akakaa juu ya kigoda. Baadaye akaniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea, kama siki yetu inaweza kutoa chuma kwenye jiwe, si ikitoe na kwenye maji. Nikamwambia haiwezi kisima kizima, ardhi yenyewe imeshalowa. Akatikisa kichwa.

"Na yeye je?"

Nilijua anamsema nani. "Mama, bibi alitoa kwa nia njema. Mungu anajua."

"Nimekuuliza nia? Nia yake naijua, ni mama yangu. Nimekuuliza kama anapata au hapati."

Nilisimama na kikombe changu cha unga mweupe, msomi mzima, nikatamani kulia.

Kesho yake alikwenda dukani mwenyewe, hakumtuma mtu, akanunua kufuli akafunga kifuniko cha kisima. Watu aliwaambia maji yameharibika, wasinywe, na wenye watoto nikawaendea mimi mlango kwa mlango. Yameharibiwa na nini, alinikataza nisiseme. Hakutaka jina la mama yake litajwe na ubaya kwenye vinywa vilivyokunywa kwake bure. Kwa hiyo wapo walioamini, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba mama kaingiwa na choyo uzeeni. Anawasikia. Wakipita anawasalimia, wadogo wanampa shikamoo yao, anaitikia marahaba, anaendelea na kazi zake.

Mimi najuta, na majuto yangu hayana pa kukaa. Bibi alitaka watu wasianguke. Mama alitaka mama yake apate. Mimi nilipima maji kama inavyopasa kupimwa, na nikiambiwa nirudie leo nitayapima tena, na nitajuta tena. Mapipa niliyaondoa. Mwenzangu anaendelea na kazi mahali pengine, na inakwenda vizuri, na mimi humsaidia ingawa maganda yakianza kuchachuka natoka nje.

Maji siku hizi tunachota kwa jirani aliyevuta bomba. Juzi jioni nilikuwa na mama jikoni, yeye anakuna nazi, mimi nachambua mchicha, sufuria ya maharage iko motoni. Kule kwa jirani ndoo ikagonga ukingo wa tangi, mlio ule ule. Mama akainua kichwa haraka, uso umechangamka.

"Kapata..."

Mkono wake ukasimama juu ya nazi. Kisha akaniambia nipunguze moto, maharage yataungua.