Mhola ya Baba

Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza, nayo ni kumkanyaga baba mgongo. Msimu wa pamba, akirudi kutoka kupalilia, alijilaza kifudifudi uani juu ya ngozi ya ng'ombe, akavua shati, akaniita. Kaka zangu walikuwa wazito, na mdogo wangu alikuwa bado anaanguka hata akisimama chini. Mimi ndiye niliyekuwa na uzito uliotakiwa, na nilijivuna nao. Nilipanda kwa miguu mitupu, nikaanzia kiunoni, nikasogea taratibu hadi mabegani, nikageuka.

"Hapo hapo, mayu," alisema. "Usiondoke hapo."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Aliniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na mpaka leo haniiti vingine isipokuwa nikiwa nimemuudhi.

Akiwa amelala vile ndipo alipozungumza. Mchana alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mgongo ukianza kulegea, maneno yalimtoka. Alinisimulia jinsi babu alivyohamia Sapiwi na ng'ombe wake, na habari za maksai mmoja aliyekuwa na tabia ya kujilaza katikati ya shamba kila alipoona watu wanapita barabarani, makusudi kabisa, ili amwaibishe baba. Sauti yake ilinitetemesha nyayo. Sijui kama wako watu wengine waliomsikiliza baba yao kwa miguu, lakini mimi nilimsikiliza hivyo kwa miaka miwili au mitatu, mpaka siku aliyosema, "Shuka, umeshakuwa mtu mzima." Nililia. Yeye alidhani nalia kwa sababu ameniita mnene.

Sasa nina miaka arobaini na sita na nimenenepa kweli. Nafanya kazi masijala, katika ofisi moja hapa Bariadi, na siku yangu yote ni mafaili. Baba amevuka sabini. Mgongo ule uliolima ekari zote zile ulianza kumgomea miaka michache iliyopita. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kisigino. Kwanza alipewa vidonge vya kawaida vya maumivu, vikamchoma tumbo mpaka akawa anaogopa kula. Baadaye daktari akambadilishia, akampa dawa ya mishipa ya fahamu ambayo jina lake refu lilitushinda wote. Tukaiita "vya bluu", kwa rangi yake.

Nisiwe mchoyo wa haki. Vya bluu vilifanya kazi. Mwezi wa kwanza baba alilala usiku mzima bila kuguna, na mama akalala pia, na kanisani akatoa sadaka ya shukrani. Mimi ndiye niliyerudi kumwambia daktari kwamba maumivu yamepungua ila hayajaisha, na dozi ikaongezwa. Hapo ndipo baba alipoanza kuondoka.

Hakwenda kokote. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, kidevu kifuani, analala asubuhi, analala mchana. Akiamshwa anaanza sentensi, anafika katikati, anaiacha. Alikunywa maji muda wote na bado alilamba midomo. Zamani, ng'ombe wakiwa kwenye ngitili, ile sehemu ya malisho tunayoitunza kwa ajili ya kiangazi, alikuwa akisimama mlangoni na kupiga mluzi mmoja tu, na kiongozi wao anageuka na wengine wanafuata. Jioni moja nilimwona akijaribu. Alikunja midomo, akapuliza, ukatoka upepo mtupu. Akapuliza tena. Ng'ombe walimtazama, wakaendelea kula. Akampa kaka yangu fimbo, akaingia ndani.

Sote tulisema ni uzee. Ni neno rahisi sana, uzee, halimdai mtu afikiri.

Nilikuwa nakwenda Sapiwi kila Jumamosi kwa bodaboda. Nilimkuta amelala, nikavuta kigoda karibu na miguu yake, nikakaa kidogo na mama, nikaondoka amelala. Ikawa Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Kisha ikawa nikipata nafasi, na mtu wa ofisini anajua jinsi ya kutopata nafasi. Nilijiambia hatambui kama nimekuja au sijaja. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia. Nilimkumbuka baba yangu naye yuko mbele yangu, amevaa koti lake, anapumua. Aliyekufa unamlilia na watu wanakuja kukupa pole. Huyu wangu nilimlilia ofisini nyuma ya kabati la mafaili, na mtu akiingia najifanya natafuta faili.

Kliniki nilimpeleka mimi kila mara, maana Kiswahili cha baba ni cha mnadani, kinatosha kununua na kuuza ng'ombe tu. Daktari alikuwa kijana mpole aliyetoka mkoa mwingine, na foleni nje ilikuwa ndefu.

"Mzee, unaendeleaje na dawa?" aliuliza.

Mimi nikamwuliza baba kwa Kisukuma. Baba akajinyoosha kwenye kiti, akajibu kwa heshima zote, "Mhola."

"Anasema anaendelea vizuri," nikasema.

Daktari akaandika. Tukapewa vya bluu vingine. Tulifanya hivyo kliniki baada ya kliniki, karibu miaka miwili.

Msukuma yeyote atakayesoma hapa ameshashika kichwa. Mhola si jibu. Mhola ni salamu. Ukimwuliza mtu wetu hali yake atakujibu mhola hata kama ameletwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kwa sababu adabu ni kuanza na amani. Unamwuliza habari za nyumbani, mhola. Za mifugo, mhola. Za mvua, mhola duhu, yaani amani tupu. Mkishamaliza hayo yote ndipo anasema, "Isipokuwa mguu umevunjika." Nimekulia katika salamu hizo. Nimezipokea na kuzitoa tangu sijajua kusoma. Nikafika mbele ya daktari na elimu yangu ya kidato cha sita, nikaichukua salamu ya baba na kumkabidhi kana kwamba ni majibu ya vipimo.

Kilichonitoa katika usingizi wangu ni bango. Nilikuwa Maswa kikazi, nikaliona ukutani: MGONGO, SHINGO, NYONGA. BILA DAWA, BILA KISU. Nilisimama pale muda mrefu. Wakati huo nilikuwa nimeshavichukia vidonge vile hadi nilitaka kuvitupa chooni, na mama ndiye aliyevificha nisivione. Nilitaka mtu amshike baba mgongo kwa mikono. Nilitaka alale kifudifudi, aguswe pale mahali, aanze kusimulia. Mama alisema napoteza muda. Wiki iliyofuata nilikodi gari, tukampakia baba, tukaenda.

Mnyooshaji wa viungo, yule mwenye bango, alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti jeupe lililokuwa fupi mikononi. Niliingia nikiwa nimejiandaa kumdharau. Chumbani mlikuwa na benchi pana lenye godoro jembamba, na ukutani picha ya uti wa mgongo. Nikafungua mdomo kueleza ugonjwa, akaniinulia kiganja ninyamaze. Akavuta kigoda, akakaa chini kidogo kuliko baba, akamsalimia kwa Kisukuma.

Akauliza habari za nyumbani. Mhola. Za watoto. Mhola. Akauliza ng'ombe wamebaki wangapi, na ngitili ya mwaka huu ikoje, na pamba imeota vipi huko Sapiwi. Mimi natazama saa. Lakini baba alikuwa ameinua kidevu. Aliulizwa kuhusu mvua akajibu sentensi nzima, akaimaliza. Mnyooshaji akaitikia, kisha akauliza polepole, "Na mwili, baba?"

"Mgongo si shida," baba akasema. "Mgongo naujua, tumezeeka pamoja. Shida ni mdomo. Umekauka kama ngozi iliyowambwa. Naanza neno, linaniponyoka. Ng'ombe nawapigia mluzi hautoki. Choo nakaa siku nne." Alinitazama, akaona aibu, akaendelea hata hivyo. "Nimechoka kulala. Nalala wakati sitaki kulala."

Sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kutoka kwake tangu mwaka juzi. Nililia pale pale, na safari hii sikuwa na kabati la kujificha.

Mnyooshaji alimpapasa mgongo kwa vidole viwili, akashuka nao mpaka kiunoni, akamfunika shati. "Mgongo huu siugusi," akaniambia kwa Kiswahili. "Kwa umri huu mifupa imeshakuwa dhaifu, ukiubana vibaya unavunja. Nionyeshe dawa anazokunywa." Akazisoma. "Dada, haya aliyoniambia, daktari anayajua?"

"Kliniki namtafsiria mimi," nikasema.

"Unatafsiri nini?"

Nikavirudisha vidonge kwenye mkoba wangu. Akanionya nisimwachishe vidonge kwa ghafla, kwamba dawa ya namna ile hupunguzwa kidogo kidogo na aliyeitoa, akatuaga. Nilikwenda Maswa kutafuta mikono, nikapewa maswali.

Kliniki iliyofuata nilimwomba daktari dakika tano. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, kwa mpangilio wa masijala, hata choo. Akaisoma, akaweka kalamu chini. "Mbona hamkuniambia?" Nikamweleza habari za mhola. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu. Akapunguza dozi, akatupangia tarehe ya kuipunguza tena, akatutuma chumba cha mazoezi ya viungo.

Huko tulimkuta dada mmoja mwenye mikono yenye nguvu na mdomo mwepesi. Alimfundisha baba kulala chali, kukunja magoti na kuinua nyonga, akihesabu kwa Kisukuma kibovu mpaka baba akacheka. Alimwagiza atembee kila asubuhi, na mama amkande kiunoni kwa kitambaa cha maji ya moto. Nikauliza, nusu utani, kama bado inafaa kumkanyaga mgongo. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe? Dada, sisi hapa tunamtibu."

Baba alipotafsiriwa alicheka mpaka akashika mbavu. Nilitukanwa na sijawahi kufurahia tusi namna ile.

Sitadanganya kwamba amepona. Maumivu yamerudi kwa sehemu. Anaguna akiinuka, anatembea na fimbo, na siku za baridi anameza nusu kidonge na hatumsumbui. Mluzi wake umerudi umechakaa, ng'ombe wanausikia wakitaka. Lakini anamaliza sentensi zake, na nyingine ni za kumgombeza kaka yangu.

Jumamosi moja nilimkuta amekaa kivulini ukutani, anamenya karanga. Nikavuta kigoda nikamenya naye. Akaniuliza habari za ofisini, akataka kujua kama yule bosi ninayemlalamikia bado yupo. Nilizungumza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mwishoni nikamwambia kitu ambacho sisi kwetu hatuwaambii baba zetu.

"Baba, nilikukosa sana kile kipindi ulichokuwa unalala."

Akamenya karanga moja, akaiweka kwenye ungo, hakunitazama.

"Nilikuwa naisikia pikipiki yako," akasema. "Ikikata kona tu, najua ni wewe. Najiambia, amka, mayu amekuja. Nahangaika huko ndani kufungua macho, nahangaika, kama mtu anayesukuma mlango uliowekewa gunia. Nikifaulu, nakuta kigoda ulichokalia kiko hapo, karibu na miguu yangu."

Akachukua karanga nyingine, hakuimenya. Nilidhani neno limemponyoka tena. Halikuwa limemponyoka.

"Nilikuwa nakishika," akasema. "Siku nyingine nilikuta bado kina joto."