Ringi Ndefu na Mtungi wa Maji

Wacha nianze na aibu yenyewe, ikitoka tupumue. Siku ya mtihani wa kulenga, mbele ya supavaiza, daktari wa wanyama na wenzangu wote, niliambiwa nidunge nyati wa plaiwudi. Nikadunga mtungi wa maji ya kunywa. Ule wa manjano wa lita ishirini, ulikuwa umewekwa kando ya ubao chini ya mgunga. Sindano ilisimama pale kwa tumbo lake inatetemeka, maji yakaanza kutoka kama mtoto anakojoa. Halafu mmoja akasema, "Ngojeni tu. Saa hii huo mtungi utalala."

Kazi yangu ni kulinda wanyama kwa hifadhi moja huku chini ya Meru, pale baridi inaisha na vumbi inaanza. Hiyo bunduki nasema si ya kuua. Ni ya daktari, inarusha sindano ya usingizi, ndio nyati akiingia shamba ya mtu alazwe, abebwe, arudishwe kwao. Juu yake kunafungwa skopu, ile darubini ndogo ya kulengea, na skopu inashikwa na ringi mbili za chuma. Kuna ringi fupi, kuna za katikati, na kuna ndefu. Mimi niliharibikia hapo kwa ringi.

Kwetu ni Karurumo, upande wa Embu. Ukiniuliza ni mbali aje, nitakuonyesha mlima ulio katikati yetu. Sisi huku tunauona kwa mgongo. Bibi yangu, mke niliyemwacha huko, akitoka asubuhi kuchuma kahawa anauona kwa upande ule mwingine, na ukungu umeushika kiuno. Mlima ni mmoja na bado hatuoni kitu kimoja. Jioni nikitoka doria nakaa kwa jiwe nauambia, songa kidogo basi. Haujawahi kunisikia.

Tuna mtoto mmoja. Tunamwita Kairitu, kwa Kiembu ni msichana tu, jina lake la ubatizo ni refu kuliko yeye. Nilimwacha hajui kutembea. Kutembea nilikuona kwa simu, kuongea nikakusikia kwa simu. Likizo iliyopita nilisimama mlangoni na mkate na soda. Akaniangalia, akakimbia ndani, akatoka na simu ya mama yake ameishika kwa sikio, akaiambia, "Baba, kuna mtu hapa."

Tulicheka sana siku hiyo. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia ng'ombe, na hatuna ng'ombe.

Sasa ikasemwa kuna nafasi moja tu, mtu wa kubeba bunduki ya sindano kwa stesheni ya upande wa Embu. Ningekuwa natoka kazi, napanda boda boda, nalala kwangu. Tuliotaka ni wawili, mimi na jamaa mmoja mpole wa Tharaka. Supavaiza akatuambia, "Huko mnaenda hakuna fundi. Kila mtu atafunga skopu yake mwenyewe na atalenga nayo. Mwenye atadunga nyati ndiye anaenda."

Rafiki yangu ndiye mwenye funguo za stoo ya bunduki. Ni mtu wa Maua, mji wa hapa karibu, shavu moja limefura miraa anayotafuna kila siku, ukimwona upande huo unadhani anaumwa jino. Akanifungulia boksi ya ringi.

"Anza na fupi," akasema. "Lenzi ya mbele ikigusa mtutu, panda za katikati. Ikipita tu, hata kama ni nafasi ya karatasi, umefika. Sasa funga macho, laza shavu kwa mti wa bunduki, hapa kwa kitako, fungua. Ukiona katikati bila kutafuta, hiyo ndiyo yako."

"Na hizi ndefu ni za nani?"

"Za skopu kubwa kama thamosi. Yako ni kadogo."

"Lakini si unaona shingo yangu ni ndefu?"

"Wewe unafunga skopu ama unanunua shati?"

Ukweli ni kwamba nilizipendea picha. Kwa ringi fupi, skopu ililala juu ya bunduki kama mjusi anaota jua. Kwa ndefu ilisimama kama kanisa juu ya kilima. Nikazifunga, nikamwambia dereva wetu anipige picha nimekunja uso, nikatuma nyumbani na neno moja: "Nakuja."

Bibi akajibu hata sijaweka simu mfukoni. "Baba Kairitu, kweli?" Halafu, "Nimeambia mama." Halafu picha ya mtoto kwa mlango, amevaa viatu vya kanisa, kushoto kulia na kulia kushoto. "Amekataa kuvua."

Sasa baada ya hapo ningezitoa aje hizo ringi? Picha ilikuwa imefika Karurumo, imezungushwa soko yote.

Shida ikaanza kwa mazoezi. Nikilaza shavu, naona giza. Nikiinua kichwa ndio nione, kichwa kinabaki hewani hakijashikwa na kitu, kila mara mahali tofauti. Sindano ya kwanza nikapiga sikio la nyati. Ya pili nikapiga Meru kwa jumla.

Rafiki yangu akaniambia, "Toa hizo vitu." Mimi nikaona akili yangu bado haijaisha. Kama skopu imepanda, si basi shavu pia lipande? Na kufunga vitu ndio nilijua. Nilipoachia shule kidato cha pili, kazi yangu ya kwanza ilikuwa huko huko Maua, kufunga miraa kwa majani ya mgomba ili ifike Nairobi mbichi. Nikaokota majani yaliyofunga miraa ya rafiki yangu ya siku hiyo, nikayakunja juu ya mti wa bunduki, nikakaza na kamba za mgomba. Shavu likakaa vizuri kama kwa mto. Asubuhi hiyo nikadunga nyati begani, na tena begani.

"Hiyo bunduki inaenda Nairobi na pikapu?" wenzangu wakauliza. Nikawaambia wacheke tu, mimi ni mtu wa Embu kuanzia kesho.

Lakini majani ya mgomba yanaweka miraa mbichi kwa sababu yanatoa jasho, na hiyo mimi nilijua kuliko mtu yeyote pale. Mtihani ulifanywa siku hiyo hiyo saa sita, jua la huku chini. Jani likanyauka, likalowa, kamba ikalegea. Nikalaza shavu, nikaona bega la nyati katikati kabisa, nikamwona Kairitu na viatu vyake, nikabonyeza. Shavu lilikuwa limeshateleza kama limepakwa sabuni. Mtungi unaujua.

Yule wa Tharaka alikuwa amefunga ringi za katikati. Alilaza shavu kama mtu anasikiliza jambo la siri. Bega. Akakuja kunishika mkono, macho chini, ni kama yeye ndiye amekosa.

Jioni nikapiga simu. Kabla sijasema kitu bibi akauliza, "Baba Kairitu, tukupikie nini?" Nikaanza na mtungi. Nilimpigia hiyo hadithi vizuri, na sauti za watu zote, akacheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikaisha na kila mtu akabaki upande wake wa mlima.

"Kwa hivyo," akasema.

"Kwa hivyo."

"Sawa. Wacha nimvue viatu."

Kesho yake rafiki yangu aliniita stoo. Alikuwa ametoa ringi ndefu, akaweka za katikati, akaniambia nifunge macho nilaze shavu. Nikafungua. Katikati ilikuwa hapo tu, sikuitafuta. Nilikaa hivyo na shavu kwa mti kwa muda, kwa sababu ningeinua kichwa angeona macho yangu.

Hakuniangalia. Alijifanya anapanga boksi. Likizo zetu ni kwa zamu, na iliyokuwa inakuja ilikuwa yake.

"Zamu yangu chukua wewe," akasema, anasukuma miraa na ulimi upande ule mwingine. "Mimi Maua ni hapa tu. Mama yangu akikohoa nasikia bila simu."